Kabla ya Kununua Vikapu vya Magurudumu, Fungua Kwanza Taarifa ya Till Yako

Mwenye minimati mmoja alitupigia simu akiwa amechanganyikiwa. Alikuwa ameona tangazo mtandaoni la vikapu vya magurudumu, vile mteja anavuta dukani badala ya kubeba. Bei ilikuwa tamu, picha zilikuwa safi, na muuzaji alikuwa na haraka: vimebaki 30 pekee, tuma nusu ya pesa leo tukuwekee. Akatuma. Alituma kwa namba ya simu ya mtu, si kwa till ya biashara. Siku tatu baadaye ile namba ilikuwa imezimwa.

Tulifuatilia, vile tunafuatilia kila lalamiko la aina hiyo. Pesa ilikuwa imetolewa dakika chache baada ya kuingia. Tulimweleza ukweli huo, tukamwonyesha jinsi ya kuripoti kwa polisi. Kabla ya kukata simu, akasema neno ambalo ndilo limetufanya tuandike makala haya: "Na hata vingekuja vyote 30, sijui ningeviweka wapi. Duka langu lina njia tatu tu."

Kutapeliwa ni kosa la tapeli, si la aliyetapeliwa. Lakini neno lake la mwisho linaonyesha shida nyingine ambayo haizungumziwi sana. Hata muuzaji angekuwa mwaminifu, sehemu kubwa ya pesa ile ingegeuka rundo la plastiki stoo, huku rafu zikingoja unga na sukari. Wenye maduka wengi hununua vikapu kwa kuangalia picha, au kwa kuangalia jirani amenunua nini. Maoni yetu ni kwamba vikapu vya magurudumu vinafaa kuchaguliwa kwa kuangalia vitu viwili: mikono ya wateja wako na hesabu ya mauzo yako. Hiyo hesabu tayari unayo, iko kwa simu yako. Na pesa ndiyo iende mwisho, baada ya wewe mwenyewe kushika kikapu na kukivuta.

Mkono mmoja, kazi nyingi

Simama karibu na mlango wa duka lako saa kumi na mbili jioni, utazame mikono ya watu wanaoingia. Mkono mmoja umeshika simu. Orodha ya vitu vya kununua ni ujumbe uliotoka nyumbani, na malipo pia yatatoka kwa simu hiyo hiyo. Mkono wa pili umeshika mtoto, au mkoba, au ule mfuko wa kitambaa ambao wengi wetu tulianza kutembea nao baada ya serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Sasa kikapu kitashikwa na mkono gani?

Hebu tupime mzigo wenyewe. Paketi mbili za unga za kilo 2 ni kilo 4. Ongeza sukari kilo 2 na mchele kilo 2, umefika kilo 8. Mafuta ya kupikia lita 2 ni karibu kilo 2. Paketi nne za maziwa za nusu lita ni kilo 2 nyingine. Hizo ni karibu kilo 12, na bado hujafika kwa sabuni. Kijana anaweza kubeba kilo 12 kwa mkono mmoja, tena akapiga gumzo. Mama mjamzito hataweza kwa raha. Mzee anayetembea na mkongojo hataweza kabisa. Hao nao ni wateja, tena mara nyingi ndio wanaonunua vya nyumba nzima.

Wazo la kuwekea mzigo magurudumu si geni kwetu. Ingia Marikiti kule Nairobi ama Kongowea kule Mombasa, uone vile mikokoteni inafanya kazi ambayo mgongo ungekataa. Kwa maduka, historia yake inajulikana vizuri. Mwaka wa 1916, Clarence Saunders alifungua duka mjini Memphis, Marekani, ambapo mteja alijichukulia vitu mwenyewe kwa kikapu cha mkono badala ya kuhudumiwa kaunta. Mwaka wa 1937, Sylvan Goldman, mwenye maduka katika jiji la Oklahoma City, alichukua fremu iliyofanana na kiti cha kukunja, akaweka vikapu viwili, akaongeza magurudumu. Mwanzoni wateja walikataa. Wanaume hawakutaka kuonekana wanyonge, na kina mama waliona ni kama kusukuma kigari cha mtoto. Goldman akalazimika kulipa watu watembee navyo dukani ili wengine waone si aibu.

Hata leo utaona hayo dukani kwako. Kuna kijana ambaye afadhali apange maziwa, mkate na mayai hadi kidevuni kuliko kuvuta kikapu. Mwache. Usitupe vikapu vya mkono kwa sababu umenunua vya magurudumu, maana wateja hawafanani.

Till yako inajua unahitaji vingapi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari linajiandika lenyewe. Kila malipo yakiingia kwa till, yanaacha saa na kiasi. Wengi huangalia taarifa ya till kujua tu kama pesa imeingia. Hiyo taarifa inajua mengi zaidi ya hapo.

Chukua wiki nne za malipo. Tafuta siku yenye watu wengi zaidi, sana sana Jumamosi au zile siku za kwanza baada ya mshahara. Kisha tafuta saa moja yenye shughuli zaidi kwa siku hiyo. Tuseme ni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja, na malipo yaliyoingia ni 40. Sasa yagawanye. Yale ya chini ya Sh200 ni mkate na maziwa, ama kadi ya kuongeza salio na sabuni. Hao hawahitaji magurudumu. Tuseme hao ni 20. Wanabaki 20 ambao wamenunua kitu cha kujaza kikapu.

Lakini taarifa ya till haimuoni anayelipa pesa taslimu. Kwa hivyo jioni moja, weka kijana wako karibu na kaunta na karatasi, awe anapiga mstari kwa kila mtu mwenye mzigo mkubwa aliyelipa pesa mkononi. Tuseme ni 10. Jumla sasa ni watu 30 wenye mzigo, kwa saa moja.

Hao 30 hawaji wote kwa dakika moja. Kila mmoja anakaa dukani muda fulani kisha anaondoka, na kikapu chake kinachukuliwa na mwingine. Pima muda huo kwa saa: tangu anachukua kikapu hadi anakiacha kaunta. Tuseme ni dakika 12. Zidisha 30 kwa 12, upate 360. Gawanya kwa dakika 60 za saa. Jibu ni 6. Yaani katika saa yako yenye watu wengi zaidi, kwa wastani vikapu 6 viko mikononi. Ongeza viwili vya zile dakika ambazo watu wameingia kwa pamoja, na vile vilivyosahaulika kaunta. Unahitaji vikapu 8.

Sasa linganisha. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme kikapu kimoja ni Sh1,800. Vikapu 30 ni Sh54,000. Vikapu 8 ni Sh14,400. Tofauti ni Sh39,600. Huo ni mtaji ambao ungekuwa bale za unga na katoni za mafuta, vitu vinavyozunguka na kurudi na faida. Kikapu cha tisa hadi cha thelathini hakizunguki. Kinakaa tu.

Weka namba zako mahali pa hizi zetu. Duka la pale Kitengela barabarani, ambapo watu hununua vya mwezi mzima, litapata jibu lake. Duka la karibu na stendi ya matatu, ambapo kila mtu yuko mbioni, litapata jibu lingine. Unaweza hata kugundua kwamba hesabu yako inatoa vikapu viwili tu. Nunua viwili, na usione haya. Ukigundua ni 20, pia ni sawa, kwa sababu sasa unajua ni kwa nini.

"Kikapu kikubwa, mauzo makubwa": hatukubaliani

Kuna ushauri unaosambaa kwa wafanyabiashara kwamba mteja akipewa kikapu kikubwa atanunua zaidi, eti kwa sababu hapendi kuona nafasi tupu. Kwa hivyo, wanasema, nunua kile kikubwa kabisa.

Kuna ukweli kidogo hapo, na tuuseme. Mteja ambaye kikapu cha mkono kimejaa na kimemchosha hukata safari. Anaacha mafuta ama mchele akisema atarudi kesho, na kesho anapitia duka lingine. Hayo ni mauzo umepoteza, na kikapu cha magurudumu kinaweza kuyarudisha.

Lakini wengi wetu hatuachi vitu kwa sababu mkono umechoka. Tunaviacha kwa sababu pesa imeisha. Sehemu kubwa ya maduka ya mitaani inaishi kwa uchumi wa kadogo: mafuta ya kupimiwa, sukari ya robo, sabuni ya kipande. Kwa mteja wa namna hiyo hakuna kikapu kitakacholeta pesa ambayo haipo. Kinachoweza kuletwa ni aibu. Anajaza bila kuhesabu, anafika kaunta, jumla ni Sh1,340 na simu ina Sh1,100. Foleni iko nyuma yake, watoto wanamtazama, na anaanza kuchagua cha kurudisha. Kampuni ya malipo kama yetu huona upande wa pili wa tukio hilo: malipo yaliyokataliwa kwa sababu salio halitoshi, kisha dakika mbili baadaye malipo madogo zaidi kwa till ile ile. Hapo katikati kuna mtu aliyerudisha vitu mbele ya majirani. Usitegemee atarudi kwako haraka.

Ndiyo maana tunapendelea kikapu cha wastani kwa duka la mtaa. Vikapu vingi vya magurudumu vinavyouzwa huwa kati ya lita 30 na 50 hivi. Kile cha lita 30 na kitu kinabeba ule mzigo wa kilo 12 tuliohesabu bila kumfanya aliyenunua vitu vitatu aonekane amevuta debe tupu. Na mahali pa kuongeza mauzo kwa heshima ni kwenye rafu: andika bei wazi, kubwa, ili mtu ajumlishe akitembea. Mteja anayejua amefika shilingi ngapi hafiki kaunta akatahayari.

Tairi mbili ama nne?

Hapa ndipo wenye maduka huuliza zaidi, na hapa tuna msimamo.

Kikapu cha tairi mbili kina mkono mrefu wa kuvuta. Unakiinamisha kidogo kinakufuata kwa nyuma. Mara nyingi ni cha bei nafuu, na kinapita vizuri juu ya kizingiti kidogo ama nyufa za saruji. Ubaya wake ni kwamba uzito fulani unabaki kwa mkono, na kikiinama, mayai na nyanya vinateleza upande mmoja.

Kikapu cha tairi nne kinasimama wima. Unaweza kukivuta, kukisukuma, ama kukipitisha kando yako. Uzito wote uko sakafuni. Ubaya wake ni kwamba kinataka sakafu laini, na kama duka lina mteremko kitatembea chenyewe hadi kwa mlango.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ni nadra kulisikia kwa muuzaji wa vikapu. Kikapu kinachovutwa kiko nyuma yako, mahali ambapo macho hayapo. Watu wengi huweka mkoba na simu ndani ya kikapu ili wapate nafasi ya kuchagua nyanya. Kwa kikapu kilicho nyuma, mkono wa mtu mwingine unaweza kuingia na kutoka bila wewe kujua, na siku hizi anayechukua simu anafikiria pia pesa iliyo ndani. Kile cha tairi nne mteja anaweza kukiweka mbele yake au ubavuni. Kwa hivyo kama sakafu yako ni ya vigae na ni tambarare, chukua tairi nne hata kama bei imezidi kidogo. Kama sakafu ni saruji mbovu, chukua tairi mbili, lakini bandika kikaratasi kwenye kila mkono wa kuvuta: "Usiweke simu ndani ya kikapu."

Ijue sakafu yako kabla ya kujua bei

Vitu vidogo ndivyo huharibu ununuzi huu, kwa hivyo tuviangalie kimoja kimoja.

Njia. Chukua vikapu viwili vya kuazima ama maboksi mawili ya ukubwa huo. Ambia watu wawili wapishane katikati ya njia nyembamba zaidi, huku wa tatu akiwa amechuchumaa kuchukua kitu cha rafu ya chini. Kama hawapiti, ama uongeze nafasi ama ubaki na vikapu vya mkono upande huo. Kumbuka pia mtu wa kiti cha magurudumu. Vikapu visije vikaziba njia yake pekee.

Magurudumu. Ya plastiki ngumu hupiga kelele kwenye vigae, na kila kiungo cha kigae kinasikika. Yaliyofunikwa raba ni kimya zaidi. Geuza kikapu uangalie ekseli: nywele na nyuzi hujifunga pale hadi tairi linaacha kuzunguka. Kama tairi linatoka kwa urahisi kusafishwa, hicho ni kikapu cha kukaa. Uliza pia kama tairi huuzwa peke yake. Kikapu kizima kutupwa kwa sababu ya tairi moja ni hasara ya kijinga.

Mkono wa kuvuta. Ule wa kuchomoka kama wa sanduku la safari huvunjika kwenye kiungo. Uvute na kuurudisha mara 20 hapo hapo mbele ya muuzaji. Kisha mpe mtu mrefu akivute, halafu mtu mfupi. Asiwepo wa kuinama na asiwepo wa kunyanyua bega.

Chini ya kikapu. Maziwa hupasuka. Kikapu chenye matundu chini kinaoshwa kwa ndoo moja ya maji na sabuni. Kisicho na matundu kinabaki na maziwa yakiganda kwenye pembe, na kesho mteja anasikia harufu kabla hajaona bei.

Kupangana. Vikapu vizuri huingia kimoja ndani ya kingine na kutoka bila vita. Pima mahali pa kuviweka karibu na mlango kabla hujaagiza. Yule ndugu aliyetupigia simu hakuwa na mahali hapo.

Mlango. Amua mapema kikapu kinaishia wapi. Sasa hivi mteja anatoka na mfuko wake mwenyewe, na ikiwa mfuko ni mdogo atakuomba avute kikapu hadi kwa bodaboda. Ukikubali, mpe mtu wa kumsindikiza akirudishe. Andika namba kwenye kila kikapu kwa rangi isiyotoka, na ukifunga duka uhesabu vikapu kama unavyohesabu pesa ya droo. Na watoto wasikalishwe ndani. Kikapu si kiti, na kikipinduka lawama ni yako.

Nunua kimoja kwanza

Ushauri wetu mkubwa kuhusu pesa ni huu. Nunua kikapu kimoja. Kimoja tu. Lipa bei yake kamili, hata kama muuzaji anasema bei ya jumla inaanza na 10. Kiweke dukani wiki moja. Tazama nani anakichukua, nani anakikwepa, na kinakwama wapi. Ikifika Jumapili utajua mengi kuliko tangazo lolote lingekwambia. Kama muuzaji yuko Nairobi na wewe uko Lodwar, mwambie akutumie hicho kimoja kwa basi. Muuzaji wa kweli mwenye mali atakubali. Asiye na mali ataleta hadithi za ofa inayoisha leo usiku.

Ukifika wakati wa kulipa vile vingine, fuata haya:

- Lipa kwa till au namba ya biashara, si kwa namba ya mtu binafsi. Jina linapotokea kwa simu kabla ya malipo kukamilika, lisome. Kama halifanani na jina la duka, simama hapo hapo na uulize.
- Kama unaweza kulipa mzigo ukifika, fanya hivyo. Kama muuzaji anataka sehemu mbele, iwe ndogo, na iwe kwa yule ambaye tayari alikuuzia kile kimoja.
- Hesabu vikapu na uzungushe kila tairi kabla ya kumalizia malipo. Pesa ikishatumwa na ikatolewa, kuirudisha ni safari ndefu na wakati mwingine haina mwisho mzuri.
- Omba ankara ya eTIMS. Tangu tarehe 1 Januari 2024, kwa kawaida KRA hutaka ankara hiyo ili gharama ya biashara ipunguzwe kwenye hesabu ya kodi. Kama unalipa kodi kwa faida, ujumbe wa simu peke yake hautoshi.
- Usishinikizwe. "Tuma sasa hivi" ni lugha ya tapeli hata inapotoka kwa mdomo wa mtu mzuri.

Na mkopo je? Tunajua sisi ni kampuni inayopata ada pesa inapohama kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kwa hivyo tukikwambia usikope, ujue hatusemi kwa faida yetu. Usichukue mkopo wa simu wa siku 30 kununua vikapu. Mkopo wa muda mfupi ni wa kitu kinachouzwa na kurudisha pesa kabla ya siku ya kulipa. Bale ya unga inaweza kufanya hivyo. Kikapu hakiuzwi. Faida yake ni ya polepole: mzee anayerudi kwa sababu hakuumia bega, mama anayechukua mafuta leo badala ya kesho. Hiyo faida ipo, lakini haifuati kalenda ya mkopo. Weka akiba kidogo kidogo kutoka kwa till kila wiki, na vikapu 8 vinaweza kuingia kwa awamu: vinne mwezi huu, vinne mwezi ujao.

Kama unadhani tunaogopa kupita kiasi, kumbuka maduka makubwa tuliyoyazoea. Uchumi iliwahi kufunga milango mwaka wa 2006, kabla ya kufunguliwa tena. Wadai wa Nakumatt walipiga kura ifungwe kabisa mwaka wa 2020. Maduka hayo hayakukosa toroli wala vikapu. Yaliyokosa ni pesa ya kuwalipa waliokuwa wakiyaletea bidhaa, na rafu zikabaki wazi. Mteja hasamehi rafu tupu kwa sababu kikapu kinavutika vizuri.

Na wewe unayevuta kikapu

Wengi wenu mnaosoma hapa si wenye duka. Ni wateja, na kikapu hiki ni chenu zaidi kuliko cha yeyote. Kwenu tuna maneno machache.

Angalia salio kabla ya kuingia dukani, si ukiwa kaunta. Jumlisha ukitembea. Simu ikae mkononi ama mfukoni, si ndani ya kikapu kinachokufuata. Unapoweka namba ya siri, kikapu kiwe mbele yako, na mgongo wako usiwe kwa mtu unayemhisi amesogea karibu mno. Ukimaliza, rudisha kikapu mahali pake. Kile kinachoachwa kati ya njia ndicho atakachojikwaa nacho mama wa mtu.

Na kama duka unalolipenda halina vikapu vya magurudumu na mzigo unakulemea, mwambie mwenye duka. Mwambie kwa upole: "Mzee, huu mzigo unanishinda, tuwekee hata vikapu viwili vya kuvuta." Muuzaji mzuri husikiliza hilo kuliko tangazo la mtandaoni, kwa sababu limetoka kwa mtu ambaye till yake inamfahamu.

Wewe mwenye duka nawe, jioni hii, kabla ya kufunga, fungua taarifa ya till yako. Tafuta ile saa moja yenye watu wengi. Fanya ile hesabu ya kuzidisha na kugawanya. Kisha ujiulize kama unahitaji vikapu 30, ama vinane, ama kimoja cha kujaribu. Yule mwenye minimati, tulipozungumza naye tena, alikuwa ameifanya. Jibu lake lilitoka vikapu vitano. Amenunua kimoja, amekiweka karibu na mlango, na anasema kila siku huwa kinachukuliwa kwanza na bibi mmoja ambaye zamani alikuwa akimtuma mjukuu dukani.